LANTANA: UA LILILOGEUKA KICHAKA

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Leo tunazungumzia ua. Huenda ulilipanda wewe mwenyewe mbele ya nyumba kwa ajili ya kupendezesha. Huenda ulilikuta babu ameshalipanda pembeni mwa boma. Au halikupandwa na mtu yeyote: liliota tu chini ya mwembe, na sasa limefika dirishani.

Sisi mabwana shamba huulizwa habari zake mara kwa mara. Ua hili ni ua gani? Mbona linatambaa namna hii? Nalikata, linarudi. Je, ni dawa au ni sumu? Maswali hayo yana majibu, lakini majibu yenyewe yamo ndani ya historia ya zaidi ya miaka 300. Ukiijua historia hiyo utaelewa kwa nini panga peke yake halitoshi, na kwa nini wenzetu wa kando ya Ziwa Victoria walikuja kuogopa vichaka vyake kuliko walivyoogopa chui.

Kwanza tulitambue

Kabla ya kumhukumu mtu sharti umjue. Usitegemee jina, maana majina ni mengi na kila mahali wana lao. Baganda huliita kayukiyuki. Wataalamu duniani kote huliita Lantana camara, jina lililotolewa mwaka 1753 na Carl Linnaeus, bingwa wa mimea wa Sweden. Sisi katika mazungumzo haya tutaliita lantana.

Sasa toka nje uende ukaliangalie. Shika shina changa. Shina la lantana si la mviringo, lina pembe nne, na mara nyingi lina vijimiiba vilivyopinda kama kucha za paka. Angalia majani: yanakaa mawili mawili yakielekeana, yana meno pembeni, na ukiyapapasa yanakwaruza kama msasa. Sugua jani moja kati ya vidole, harufu kali itatoka pale pale.

Kisha angalia maua. Ni maua madogo madogo yaliyojikusanya kuwa kichwa kimoja. Kwa aina iliyo ya kawaida kwetu, kiua kinapofunguka huwa cha njano, halafu hugeuka kuwa cha rangi ya machungwa, nyekundu au waridi. Kwa hiyo kichwa kimoja huwa na rangi mbili au tatu kwa wakati mmoja, yale mapya yakiwa katikati na yale ya zamani pembeni. Baadaye huja matunda madogo ya mviringo. Yakiwa mabichi ni ya kijani. Yakiiva ni meusi yanayong'aa, na kila tunda lina kokwa moja.

Usije ukalichanganya na ndugu yake mwenye majani matatu matatu kwenye kila fundo la shina, maua ya zambarau, matunda ya zambarau, na asiye na miiba. Huyo ni Lantana trifolia, naye si msumbufu kama huyu tunayemsema. Dalili za kushika ni nne: shina la pembe nne, majani mawili mawili yenye kukwaruza, harufu kali, na maua yanayobadilika rangi. Ukizipata zote nne, mgeni wetu ndiye huyo.

Safari kutoka Amerika

Nasema mgeni kwa sababu kwao si hapa. Kwao ni nchi za joto za Amerika. Huko lantana ina maadui wake: wadudu wanaofyonza majani, wanaotoboa mashina, na wanaokula mbegu. Kwa hiyo huko huota, hutoa maua na kufa kama mimea mingine.

Katika karne ya 17 Waholanzi waliichukua kutoka Brazil wakaipeleka Ulaya. Baridi ya Ulaya haikuiruhusu kukaa nje, basi wenye bustani wakaitunza ndani ya nyumba za vioo. Walipenda rangi zake. Wakaanza kuchanganya aina hii na ile ili wapate rangi mpya, kama vile mfugaji anavyochanganya madume ya mbegu mbalimbali. Zilizotokana na mchanganyiko huo leo zinahesabiwa kuwa zaidi ya aina 600. Hapo tuweke alama, ndugu msomaji. Mmea uliokuja kuenea duniani haukuwa ule wa porini Amerika. Ulikuwa umechanganywa kwa mikono ya watu, na katika kuchanganywa ukapata nguvu ya kustahimili ardhi nyingi na hali nyingi za hewa.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya bustani za serikali za kikoloni. Makoloni mengi yalikuwa na bustani zao za majaribio, na bustani hizo zilipelekeana mbegu kwa meli. Ndiyo njia iliyosafirisha mpira na mkwinini kutoka bara moja hadi jingine. Lantana nayo ikapanda meli hizo hizo. Mwanzoni mwa karne hiyo ilikuwa imefika Calcutta, Uhindi. Mwaka 1826 ilipelekwa Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Mwaka 1841 ilikuwa Australia. Afrika Kusini nayo iliipokea katika karne hiyo hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki iliingia wakati wa ukoloni, ikiwa ua la bustani na mmea wa kuzungushia nyumba. Huo ndio wakati ambapo bustani ya Entebbe ilianzishwa, mwaka 1898, na kituo cha Amani katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Kazi ya vituo vya namna hiyo ilikuwa kujaribu mimea ya kigeni. Tulipata faida kwa mingi. Lakini iko mimea iliyovuka mpaka wa bustani usiku na mchana bila kuonekana, ikaingia msituni na mashambani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lantana tuliikaribisha, tukaimwagilia maji, tukasahau kabisa habari ya jembe.

Wageni wawili wakutana Hawaii

Iko habari moja ya visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki, inayotufundisha jinsi ua la bustani linavyopata miguu. Mwaka 1858 daktari mmoja Mjerumani, William Hillebrand, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa mimea, alileta lantana huko kama pambo. Miaka saba baadaye, mwaka 1865, Hillebrand huyo huyo alileta ndege wa jamii ya kwezi kutoka Uhindi. Nia yake ilikuwa njema: ndege hao wale viwavi waliokuwa wakiharibu malisho.

Ndege wakala viwavi, kweli. Lakini walikula pia matunda meusi ya lantana. Wakiisha kula huruka, hutua juu ya mti au ukingoni mwa shamba, na pale wanapotua wanaacha kokwa pamoja na mbolea yake. Wageni wawili, kila mmoja aliletwa peke yake, wakasaidiana. Malisho ya ng'ombe yakageuka vichaka.

Ndugu mkulima, sisi hatukuhitaji kuletewa ndege. Tunao chorowe, tunao kwezi, tunao wengine wengi wanaopenda matunda hayo. Mmea mmoja uliokomaa waweza kutoa hadi mbegu 12,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu unaona lantana ikiota chini ya mwembe na kando ya waya wa uzio, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Aliyepanda ni ndege, na mbegu aliitoa kwenye uzio wako, au wa jirani yako.

Watu wa Hawaii walipoona panga na moto havitoshi, walifikiria jambo ambalo wakati huo lilikuwa karibu jipya duniani. Mwaka 1902 mtaalamu wa wadudu, Albert Koebele, alikwenda Mexico kuwatafuta wale maadui wa asili wa lantana. Alipeleka Hawaii wadudu wa aina 23, na aina 8 kati yao zikafanikiwa kukaa. Mahali penye ukavu walisaidia sana. Mahali penye mvua nyingi lantana iliendelea kuchipua.

Mmojawapo wa wadudu hao ni mdogo sana, ana mbawa zenye matundu matundu kama kimia, na jina lake la kitaalamu ni Teleonemia scrupulosa. Huyu hufyonza utomvu wa majani mpaka yanakauka na kudondoka. Baadaye alisafirishwa nchi nyingi, na katika miaka ya 1950 na 1960 aliletwa pia Afrika Mashariki. Huko Uganda, katika miaka ya 1960, wadudu hao waliimaliza lantana majani, kisha wakahamia kwenye mashamba ya ufuta yaliyokuwa karibu. Mkulima wa ufuta akajikuta analipia ua ambalo hakulipanda yeye. Tangu hapo wataalamu wamekuwa waangalifu zaidi: mdudu hujaribiwa kwanza kwa mimea mingine, ikiwemo ya chakula, kabla ya kuachiwa.

Yaliyotokea Alego na Busoga

Sasa tunafika mahali ambapo historia hii inaacha kuwa habari ya maua na inakuwa habari ya uhai wa watu.

Ugonjwa wa malale huenezwa na mbung'o. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walithibitisha jambo hilo huko Uganda, katikati ya mlipuko ambao mnamo miaka ya 1900 hadi 1920 uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa. Mbung'o wa eneo lile hupenda kivuli na unyevunyevu. Kwa kawaida makao yake ni vichaka vya ukingo wa ziwa na mito, ambako hunyonya damu ya kenge, ya pongo, na ya mtu anayekwenda kuvua au kuteka maji. Kwa hiyo watu walijua hatari iko wapi. Iko majini. Nyumbani ni salama.

Mwaka 1964 malale yalilipuka Alego, katika Nyanza, magharibi mwa Kenya. Wachunguzi walipokwenda kumtafuta mbung'o walimkuta mahali pasipo pake. Alikuwa ameondoka ukingoni mwa maji akaingia kwenye vichaka vya lantana vilivyozunguka maboma ya watu. Uzio ule ulikuwa umeachwa ukanenepa, ndani yake mna giza na ubaridi kama kando ya mto. Na chakula kilikuwa karibu: ng'ombe wa boma. Mwaka 1966 watafiti walithibitisha kwamba ng'ombe wa Alego walikuwa wamebeba vimelea vya malale ya binadamu, ijapokuwa wenyewe hawakuonekana wagonjwa.

Fikiri jambo hilo, ndugu mkulima. Mtu hakuhitaji tena kwenda ziwani ili aumwe. Mbung'o alikuwa nyuma ya jiko. Mtoto anayecheza, mama anayeanika nguo, mzee anayekamua ng'ombe, wote walikuwa karibu naye.

Busoga, mashariki mwa Uganda, ilipata habari kama hiyo kwa ukubwa zaidi. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, biashara ya pamba na kahawa ilianguka. Mkulima hakuona faida ya kupalilia zao lisilo na mnunuzi, mashamba yakaachwa. Shamba likiachwa, wa kwanza kuingia ni lantana. Kuanzia mwaka 1976 malale yakarudi, na kufikia mwaka 1980 maelfu ya watu waliugua. Watafiti waliokwenda kuangalia mbung'o wanapumzika wapi, waliwakuta kwenye vichaka vya lantana, na kwenye mashamba ya kahawa na migomba.

Nisieleweke vibaya. Lantana haizai mbung'o, na si kila uzio wa lantana una mbung'o ndani yake. Mahali pasipo mbung'o wa namna ile, hatari hiyo haipo. Aidha, leo malale yamepungua sana katika nchi zetu kwa sababu ya dawa, mitego na uchunguzi wa mifugo. Lakini Alego na Busoga zinatuachia neno moja: ua hili likitunzwa na kupunguzwa ni pambo, likiachwa ni nyumba ya kupangisha, na wewe mwenye kiwanja huchagui mpangaji.

Sumu kwa mifugo, hatari kwa watoto

Hasara ya pili haihitaji mbung'o. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Ini likiharibika nyongo haipiti sawasawa, na mnyama anashindwa kustahimili jua. Siku moja au mbili baada ya kula utaona amekataa malisho, amefunga choo, macho na ufizi vimekuwa vya manjano, anakimbilia kivuli. Baadaye ngozi ya puani, ya masikio na ya mahali penye manyoya meupe huvimba na kupasuka kama iliyoungua.

Mifugo waliozaliwa karibu na lantana kwa kawaida huipita kwa sababu ya harufu. Wanaokufa mara nyingi ni wa aina mbili: mnyama aliyenunuliwa mnadani ambaye hajaijua, na mnyama mwenye njaa wakati wa kiangazi, wakati ambapo lantana peke yake ndiyo iliyobaki na rangi ya kijani. Ukiona dalili hizo, mtoe mnyama malishoni upesi, mweke kivulini, mpe maji, na umwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Wala usikate lantana ukawapa mifugo ikiwa imekauka ukidhani sumu imekwisha, maana kukauka hakuiondoi.

Watoto nao waangaliwe. Katika sehemu nyingi watoto huchuma yale matunda meusi. Lakini matunda mabichi, ya kijani, yamewahi kuwadhuru watoto vibaya, na mtoto mdogo hawezi kupambanua lipi limeiva. Mkataze yote. Akishakula na kuanza kutapika au kulegea, mpeleke zahanati mara moja pamoja na tawi la mmea wenyewe ili mganga aone.

Tufanye nini basi

Tumeona panga halitoshi. Lantana iliyokatwa huchipua kisikini, tena kwa wingi kuliko kwanza, na moto unaounguza juu hauufikii mzizi. Njia inayofaa kwa mkulima mdogo ni hii.

Kwanza, fanya kazi wakati udongo una unyevu, baada ya mvua za kwanza. Kata matawi, kisha chimba kisiki kwa sururu au jembe mpaka utoe shina la mzizi. Vaa kitu mikononi kwa sababu ya miiba.

Pili, ikiwa ni nyingi na huwezi kuimaliza mara moja, anza na iliyo karibu na zizi, karibu na jiko, na kando ya kisima au kijito. Iliyobaki ipunguze kabla matunda hayajaiva, ili ndege wasipate cha kubeba.

Tatu, matawi yaliyokatwa yakusanye mahali pamoja yakauke, kisha yachome au yatumie kama kuni. Usiyatupe mtoni.

Nne, usiiache ardhi wazi. Ardhi tupu ni mwaliko wa pili. Panda pale pale mabingobingo kwa ajili ya ng'ombe, au viazi vitamu vinavyotambaa na kufunika udongo. Ukitaka uzio, kayaba inafaa, mradi uipunguze kila mwaka.

Tano, rudi kila baada ya majuma machache ung'oe miche midogo kwa mkono. Mbegu zilizoko udongoni zitaendelea kuota kwa muda. Mche wa majani manne ni kazi ya vidole viwili. Ukiuacha misimu miwili unakuwa kazi ya vijana wanne.

Na jambo la sita ndilo kubwa kuliko yote: zungumza na jirani. Ndege hajui mpaka wa shamba. Ukisafisha kwako peke yako, utakuwa unang'oa mbegu za jirani miaka yote. Kaya kumi zikikubaliana siku moja kwa mwezi, zikaenda boma kwa boma, kazi huonekana msimu ule ule.

Usije ukafikiri mmea huu hauna faida hata kidogo. Majani yake yakitandazwa kati ya viazi mviringo ghalani hupunguza uharibifu wa nondo wa viazi, nao wakulima wa viazi wamelitumia jambo hilo kuhifadhi mbegu. Lakini kwa kazi hiyo hakuna haja ya kuipanda. Iliyopo inatosha na kuzidi.

Ndugu mkulima, hakuna aliyeleta lantana kwa nia mbaya. Mholanzi alipenda rangi, daktari wa Hawaii alipenda bustani, na babu yetu alitaka uzio usiolika na mbuzi. Kila mmoja alitazama ua, wala hakuuliza litakuwaje baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo siku utakapopewa tawi la ua jipya kutoka mjini au kwa rafiki, uliza maneno matatu kabla hujachimba shimo. Linatoka wapi? Mbegu zake hubebwa na nani? Na likikatwa, linakufa au linachipua? Asiyeweza kukujibu, mwambie asante, na tawi lake arudi nalo.

Kazi njema shambani.